Meli, Mke Mwenzangu

Kumwendea mke mkubwa na kumwomba akusimulie sifa za mke mdogo, hiyo ni adabu ya wapi? Lakini ndivyo alivyonifanyia yule bwana aliyekuja hapa Izia, Sumbawanga, wiki iliyopita, ana simu mbili na viatu vyeupe, msimu huu wa matope. Anakusanya historia za meli za zamani za Ziwa Tanganyika. Ameambiwa mume wangu Polikarp alifanya kazi katika meli ya moshi, ya abiria, iliyokuwa na mbio kuliko zote. Akamuuliza Polikarp. Masikio ya Polikarp yalibaki kwenye kelele za boila la meli miaka mingi, kwa hiyo akajibu, "Mahindi? Mahindi mwaka huu mazuri." Bwana akanigeukia mimi. "Basi bibi, tuambie wewe."

Nikasema sisemi. Akasema basi, ataandika kwa kukisia. Hapo ndipo aliponiweza, maana mimi nitavumilia njaa, nitavumilia baridi ya Juni, lakini mtu kunikisia siwezi. Nikamnyang'anya kalamu. Kusoma nilisoma, ngumbaru, darasa la watu wazima, na cheti nilipewa. Panya ndiye aliyekila. Mahali popote nitakapokosea herufi, mlaumuni panya.

Polikarp ni mtoto wa Mzee Adolfu wa Malangali. Wakati huo Malangali ilikuwa mashamba matupu, ukipiga chafya jirani anakuitikia kesho. Alikuwa kijana mpole, mrefu, shingo kama ya kuku aliyesikia jambo, na alipenda kitu kimoja tu duniani: moto. Wenzake wakienda kucheza mpira, yeye yuko jikoni kwa mama yake anapanga kuni. Kijana wa kiume jikoni! Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisema, huyu atakuwa mume wa kuamka mapema. Nikamkubali.

Ndoa ikapangwa iwe Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Wanaojua wanajua: ikiingia Kwaresima padri hafungishi ndoa mpaka Pasaka, na baada ya Pasaka Padri wetu alikuwa na ziara ndefu za vigango, vijikanisa vya mbali. Nikiikosa ile Jumamosi nangoja mpaka mavuno. Na tangazo lilikwishasomwa kanisani mara tatu, jina langu lote, Luciana binti fulani, mbele ya wanawake wa Izia ambao kila mmoja alikuwa amesema kwamba kwa ukaidi huu sitaolewa. Nirudi nyuma hapo? Afadhali nile majivu.

Polikarp akateremka Kasanga, bandarini, kutafuta kibarua cha kubeba magunia apate suti ya harusi. Akakaa huko. Kimya. Mvua ikanyesha, mahindi yakafika kiunoni, kimya. Wiki yenyewe ya ndoa ndipo ujumbe ukaja.

Uliletwa na Enock, utingo wa lori la Suleimani. Suleimani alikuwa kijana wa wale wenye maduka wa Majengo, na lori lao ndilo lililoshuka Kasanga kila wiki na mahindi na kupanda na dagaa. Enock aliyapokea maneno hayo njiani, Matai, kwa muuza dagaa, na muuza dagaa aliyapokea Kasanga kwa Polikarp, na kila mmoja aliyashika kama sala, bila kupunguza neno. Akasimama uani kwa Mzee Adolfu, nami nikiwapo, mikono nyuma, akayatoa:

"Polikarp anawasalimu sana. Anasema, mimi magunia nimeacha. Niko na Meli. Ni mweupe, mrefu, kiuno chembamba, na mbio zake sijaona mfano. Nalala kwake. Kazi yangu ni kumlisha. Anakula kuni mchana na usiku, na moshi anaotoa unaonekana mpaka Kongo. Ana kelele, lakini nimemzoea. Kila bandari watu wanampanda na kushuka, wala hachoki. Msiwe na wasiwasi wa harusi. Ijumaa nakuja na Meli."

Sasa wewe msomaji wa mjini unacheka. Subiri kwanza. Sisi Wafipa, r na l kwetu ni mtu na nduguye, hatuwagombanishi. Maria tunamwita Malia, na Meri tunamwita Meli. Na kila kinachotembea chenyewe tunakipa heshima yake: lori amekuja, lori amekwama, lori amekataa kuwaka. Meli ya majini hakuna aliyewahi kuiona pale uani, ila Enock, naye alitumwa maneno, hakutumwa maelezo, na alikwishaondoka. Maji makubwa tuliyoyajua ni ya mto wakati wa masika. Lakini akina Meri tuliwajua wengi. Malangali palepale alikuwako mmoja, na kiuno alikuwa nacho.

Mama mkwe akakaa chini, kwenye matope. "Anakula kuni?"

"Maana yake jiko lake halizimiki," akasema Mzee Adolfu. Alikuwa na mrija wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, mdomoni, na hakuutoa. "Ni mpishi."

"Na huo moshi?"

"Anavuta kiko."

"Na hao watu wanaompanda kila bandari?"

Mzee Adolfu akanyonya mrija muda mrefu sana, chungu kikaguna. "Hilo," akasema, "tusimuulize siku ya kwanza."

Halafu akanitazama kwa huruma. Alikuwa mtu mwema yule mzee, na wema wake ndio uliotaka kuniua, kama mtakavyoona. "Luciana mwanangu, usilie. Yuko mdogo wake, Timoth. Moto hapendi, lakini yupo."

"Silii, baba. Na Timoth simtaki. Kanisani hakutangazwa Timoth, ametangazwa Polikarp."

"Sasa utafanyaje?"

Nikaingia jikoni kwa mama mkwe, nikatoka na mchi. Ule mrefu, wa mti mgumu, wa kutwangia ulezi. "Mama, naazima," nikasema, na nikaenda zangu Majengo kutafuta lori.

Suleimani alinipakia mbele, kwa heshima, ila mchi haukuenea ndani, ikabidi uchungulie dirishani kama mbuzi.

"Dada, huo mchi wa nini?"

"Wa kutwangia."

"Unakwenda kutwanga Kasanga?"

"Ndiyo."

"Unatwanga nini?"

"Meli."

Suleimani akacheka mpaka lori likatoka barabarani, likarudi. "Dada, ile ni kubwa! Mchi mmoja hautoshi."

"Hata awe mkubwa namna gani."

"Ni ya chuma ile!"

"Na mimi si wa udongo."

Akarudisha macho barabarani. Nadhani aliniogopa. Enock huko nyuma juu ya magunia alikuwa akiniombea, nilimsikia.

Tukapita Matai, tukaanza kuteremka ule mteremko, na joto likaja kutulaki kama mgeni asiye na haya. Kasanga tulifika Alhamisi, jua liko juu. Nikaona ziwa. Sitalieleza, wenye macho waende wakalione. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa anaanika samaki karibu na gati, mtu wa huko huko ziwani, r na l zake kama zangu.

"Shikamoo mama. Namtafuta Meli."

"Marahaba mwanangu. Meli anakuja sasa hivi. Kaa hapo umsubiri."

"Kwao ni wapi?"

"Kigoma. Lakini kuzaliwa, wanasema Ulaya."

Ulaya! Moyo ukanipasuka. "Ndiyo maana mweupe."

"Weupe wa kupakwa tu. Kila mwaka wanampaka rangi, ndani mna kutu."

Hapo nikafurahi kidogo. "Na mume anaye?"

"Mume!" Yule mama akaacha samaki. "Mwanangu, ana wanaume kama thelathini humo. Huyu anamlisha, huyu anamsugua, huyu anamtia mafuta. Na akikasirika anapiga kelele, wote wanakimbia."

"Na Polikarp yumo?"

"Yule mrefu wa kwenu, mwenye shingo? Yumo. Huyo ndiye anampenda kuliko wote."

Nikashika mchi kwa mikono miwili. Na hapo ndipo akaja.

Msiseme nilikosea. Watu wa Malangali husema mpaka leo kwamba Luciana alikosea, na mpaka leo siwaazimi kinu. Nilipomwona nilijua mara moja ni nini. Alikuja kutoka kaskazini kama mtu aliyechelewa sokoni, bomba lake linatoa moshi mweusi, maji yanapasuka mbele yake na mitumbwi inamkimbia. Alikuwa mweupe kweli, kiuno anacho kweli. Ubavuni wameandika jina lake la ubatizo, Radi, lakini pale Kasanga hakuna aliyelitaja, maana wanasema ukiwa karibu na Ufipa huiti radi hovyo, ikaitika. Kwa hiyo wote walimwita Meli, basi. Na juu yake amesimama Polikarp wangu, mweusi kwa masizi, meno tu ndiyo yanayoonekana, anapunga mkono na kuonyesha kama bwana harusi: "Luciana! Luciana! Huyu ndiye Meli!"

Gati zima likanigeukia. Mimi na mchi wangu.

Sasa niambieni, mwanamke mwenye heshima afanye nini? Amesafiri kutoka Sumbawanga kwa ajili ya kupiga, kila mtu anaona amekuja kupiga, aseme samahani, nilidhani wewe ni mtu? Alipofungwa kamba gatini na mizigo ikaisha kupakiwa, nilipanda ule ubao wa abiria, nikafika kwenye kichwa cha Meli, nikainua mchi. Nikampiga. Ngwa! Akalia kama kengele ya kanisa. Nikampiga tena, ngwa! Na mara ya tatu kwa ajili ya mama mkwe aliyekaa kwenye matope. Ngwa!

Nani aliniambia kwamba kengele tatu ndiyo ishara ya kuondoka?

Vijana wa kamba huko chini wakasikia tatu, wakafungua kamba. Fundi wa mashine akasikia tatu, akaachia mvuke. Ubao ukaanguka majini. Meli akaruka kama ng'ombe aliyechomwa mkuki, na kwa zile mbio zake tulikuwa katikati ya maji kabla sijateremsha mchi. Huko gatini abiria wamebaki wanarukaruka. Mizigo yao ilikwishapanda, wenyewe hawajapanda. Kuku wa mtu alikuwa miguuni pangu, ananitazama.

Kapteni Shedrack akaja. Mtu mfupi, kofia kubwa. "Nani amepiga kengele?"

"Sikupiga kengele. Nimempiga mke mwenzangu."

Akamtazama Polikarp. Polikarp akatazama maji. "Ni mchumba wangu, Kapteni. Tunafunga ndoa keshokutwa."

"Na huyu?" Kapteni akasema, anamwonyesha Meli na kamba zake zinazoburuta majini. "Huyu naye nani atamfunga?"

"Turudi nyuma," nikasema.

"Meli hairudi nyuma kwa ajili ya mchi," akasema Kapteni. "Tunakwenda Mpulungu. Utarudi kesho, kama mzigo."

Ndivyo nilivyokwenda Zambia. Polikarp akanipeleka chini anionyeshe boila. Naapa, alinitambulisha. "Boila, huyu ni Luciana. Luciana, huyu ni boila." Akaniambia historia yote ya Meli bila kuulizwa: kwamba alizaliwa huko Ulaya kabla baba zetu hawajaoa, akaletwa kwa reli mpaka Kigoma vipande vipande, kichwa mbele, kiuno nyuma, misumari ndani ya magunia, wakamshona upya ufukweni. Kwamba walimtengeneza kwa ajili ya abiria tu, ndiyo maana mwembamba, na kwa mbio zake ndizi mbichi ulizonunua Kigoma unafika nazo Kasanga bado mbichi. Chombo cha mizigo kikimtangulia asubuhi, anakipita bandarini Kipili na kukipigia honi ya dharau. Na kwamba chini ya ziwa zima, kutoka kaskazini mpaka kusini, kumejaa kofia za watu wa serikali, kwa sababu ya upepo wake.

"Unampenda," nikasema.

"Nampenda moto wake," akasema. "Wewe nakupenda yote."

Jibu zuri. Lakini nilikuwa bado nimenuna, kwa hiyo sikumjibu mpaka Mpulungu.

Mpulungu tukalala, na Ijumaa asubuhi tungeondoka mapema, tufike Kasanga kabla lori la Suleimani halijapanda. Lori moja kwa wiki, kumbukeni. Likipanda bila sisi, Jumamosi haipo, ndoa haipo, mimi nimekuwa Luciana wa majivu. Lakini askari wa bandari akaniona. Mwanamke hana tiketi, hana cheti, ana mchi.

"Umeingia nchini kufanya nini?"

"Sikuingia. Nimeletwa."

"Na hiki kifaa?"

"Mchi."

"Wa kazi gani?"

Mimi siongopi. "Wa kumpigia Meli."

Akawaita wenzake. Wakauzunguka mchi, wakaupima, wakaunusa. Mmoja akauliza kama umesajiliwa. Polikarp akataka kueleza, akaeleza kwa l na r za kwetu, ikawa mbaya zaidi. Wakataka kujua huyo Meri ni raia wa wapi, na je, amepelekwa hospitali. Jua likapanda. Mwishowe Kapteni Shedrack akaja anatoka jasho, akasema, "Wapendwa, nawasihi, mwachieni huyu mwanamke nimrudishe kwao. Sitamleta tena. Naapa kwa mama yangu."

Tukaondoka tumechelewa vibaya. Na balaa likaja juu ya balaa: kuni walizopakia Mpulungu zilikuwa zimenyeshewa. Tukaingiza kuni, moshi ukatoka mwingi, mbio hakuna. Meli akawa anatembea kama mjamzito. Polikarp alikuwa analia, sijui kwa moshi au kwa harusi.

Nikavua khanga ya juu, nikaifunga kiunoni. "Sogea," nikamwambia. "Mke mwenzangu hujui kumsemesha."

Nikaanza kumpa. "Wewe! Ndiwe uliyesifiwa mbio mpaka Ufipa? Mbio ziko wapi? Kiuno chote hicho cha nini? Konokono wa Izia anakupita! Ulaya walikutoa kwa sababu ya uvivu!" Na kila neno na gogo lake. Nilitafuta makavu kila mahali: kreti za bia, benchi la daraja la tatu, mguu wa meza ya Kapteni. Watu wa juu wakasikia matusi yanatoka bombani pamoja na moshi. Moto ukaanza kushika. Bado kidogo. Polikarp akatazama mchi. Nikatazama mchi. Ulikuwa mti mgumu, mkavu, umelowa mafuta ya mikono ya miaka.

"Ni wa mama," akasema.

"Mama anataka mkwe au anataka mchi?"

Ukaingia. Ukashika kama petroli. Boila likanguruma, mshale wa kipimo cha mvuke ukapanda ukafika mahali palipopakwa rangi nyekundu, na Meli akaondoka. Nasema akaondoka! Vikombe vikateremka mezani, kofia ya Kapteni Shedrack ikaenda kujiunga na zile nyingine. Angekuwa na akili angetukataza, lakini alitaka kunishusha kuliko mimi nilivyotaka kushuka. Polikarp anasema siku ile Meli alikimbia kuliko siku yoyote ya maisha yake, kabla na baada, na kwamba hakuna aliyeandika. Sasa nimeandika.

Kasanga gatini walikuwa wanatusubiri wale abiria tuliowaacha. Walikuwa wamelala na hasira zao na wameamka nazo. "Yuko wapi mpiga kengele?" wakauliza. Na Kapteni, bila aibu, kichwa wazi, akanyoosha kidole: "Huyo hapo!"

Nikamshika Polikarp mkono. Mbio nilikuwa nimejifunza kwa mwenye nazo. Tukapita katikati yao, tukapita samaki wa yule mama, "Umempata Meli, mwanangu?" "Nimempata!", na lori lilikuwa limekwishawaka, Enock ananyoosha mikono, tukaruka juu ya magunia ya dagaa. Huko nyuma kuku akaangukia mikononi mwa mwenyewe. Nilifurahi, maana alikuwa kuku mstaarabu.

Tulifika Sumbawanga Jumamosi kengele ya misa inalia. Hakuna kunawa. Suleimani akalisimamisha lori mlangoni mwa kanisa, tukaingia kama tulivyo: bwana harusi mweusi kwa masizi, suti hana, bibi harusi ananuka dagaa mpaka paka wawili wakatufuata ndani. Lakini tulikuwa tumefika, na ilikuwa Jumamosi. Nikainua kichwa. Wanawake wa Izia wote walikuwapo, niliwahesabu kwa macho.

Padri akatutazama. Alikuwa mtu wa kwetu, Mfipa wa kijijini. Akasema, "Kabla sijaendelea. Nimesikia maneno mjini. Anayejua kizuizi cha ndoa hii aseme."

Kimya. Nikashusha pumzi. Na hapo Mzee Adolfu, mtu mwema, mtu asiyeweza kudanganya kanisani, akasimama taratibu na kofia mkononi.

"Padri, kumficha Mungu siwezi. Yuko Meli."

Kanisa likafanya hooo.

"Meli ni nani?"

"Ni mwanamke wa Polikarp wa ziwani. Anakula kuni."

Mama mkwe akageuka kumtafuta. "Yuko wapi mwenyewe? Nilimwekea kigoda."

"Amebaki majini, mama!" Polikarp akasema. "Hawezi kupanda mlima!"

"Amekufa maji!" Mama mkwe akapiga yowe, na wanawake wa Izia, ambao hawajawahi kupitwa na msiba, wakaanza kulia. Walimlilia Meli kwa sauti zote. Mmoja alisema alimfahamu.

"Hajafa!" Polikarp akapiga kelele.

"Kwa hiyo yu hai," akasema Padri, uso umekuwa mgumu. "Polikarp, una mke hai?"

"Padri, Meli si Meli! Ni meli!"

"Ndiyo, Meli. Nimekusikia."

"Si Meli, Padri! Meli! Ya kupanda!"

"Usitukane kanisani."

Nikaona Padri anafunga kitabu. Naapa nilikiona kinafungwa, polepole, na Kwaresima yote na masika yote na mavuno yote yalikuwa ndani yake. Nikasema, "Padri, mimi mwenyewe nimempiga, amelia ngwa! Mtu halii ngwa!" Padri akasema kumbe na kupigana kumetokea. Ikawa mbaya. Katika kanisa zima, kutoka altareni mpaka mlangoni, hapakuwa na ulimi mmoja wa kuweza kutenganisha r na l. Wote tulikuwa Wafipa.

Nilipotazama mlangoni, lori liko pale nje, ndipo nikakumbuka. Nikapiga kelele, sauti ile ile ya boila: "Suleimani!"

Akachungulia, kofia yake ya kufuma kichwani, anaona haya. "Naam, dada?"

"Mwambie Padri, Polikarp ana nani huko ziwani!"

Suleimani ni mtu wa madrasa. Ulimi wake ulikuwa umenyooshwa kwa bakora tangu utotoni. Akasimama pale kizingitini, mguu mmoja nje, akakohoa, akasema wazi kama anasoma:

"Shikamoo Padri. Hakuna Merrri yeyote. Ni meli. Chombo cha majini, cha chuma. Inaelea, haiolewi."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Padri. Alicheka mpaka akashika altare. Mzee Adolfu akabaki amesimama, anageuza kofia, anasema polepole, "Inaelea... haiolewi... Aaa! Ndiyo maana wanampanda!" Wanawake wa Izia walikuwa wa mwisho kunyamaza, kwa sababu kilio kikishapata mwendo hakina breki. Kitabu kikafunguliwa. Tukafunga ndoa, paka wakiwa mashahidi.

Huyo ndiye Polikarp niliyeolewa naye. Kuishi naye kulikuwa hivi: miaka mingi aliendelea na kazi yake ziwani, nami niliendelea na shamba Izia. Meli akiwa mzima nilikuwa mjane, Meli akiugua nilikuwa na mume. Alipopelekwa Kigoma kubadilishwa mabomba ndipo nilipopata mtoto wa kwanza. Alipoharibika usukani, wa pili. Mtoto wa kike Polikarp alitaka tumwite Meri. Nikakataa Meri, nikakataa Maria, nikakataa hata Mariamu. Anaitwa Hilda.

Halafu boila likachoka. Wakasema watamtia injini ya dizeli, wakafungua, wakakuta chini ya rangi ni kutu tupu, kama alivyosema yule mama wa samaki. Wakamkatakata wakamuuza chuma chakavu. Polikarp alipanda nyumbani, hasikii vizuri, akakaa jikoni kwangu. Sikumcheka. Nilimpikia ugali wa ulezi, nikawaita majirani, tukakaa msiba siku tatu kama inavyostahili mke wa mtu. Wanawake wa Izia walilia vizuri tu, walikwishafanya mazoezi.

Tangu hapo anachochea moto wangu. Anachochea kana kwamba ugali unatakiwa ufike Kigoma kabla ya jua kuchwa. Maharage yangu yanaiva kwa mwendo kasi, mengine yanaungua, na kila asubuhi nikiamka nakuta maji yamekwisha kuchemka na Polikarp amekaa kando yake, shingo juu, anatabasamu. Nilisema tangu mwanzo kwamba atakuwa mume wa kuamka mapema. Mimi sikosei.

Basi bwana wa viatu vyeupe, na ninyi wengine mliosoma mpaka hapa bila kunipa hata maji. Nimewaeleza nilivyompata wangu. Sasa ni zamu yenu. Nendeni mkamuulize mama yako alivyompata baba yako, wewe na wewe, mwandike, mniletee hapa Izia. Herufi ziwe kubwa, macho yangu si ya jana. Na msitie chumvi. Chumvi nitatia mwenyewe.